Kutoka Nguvu ya Kufyonza hadi Uwezo wa Maji: Historia ya Dhana ya Osmosisi katika Seli ya Mmea na Nafasi Yake katika Uundaji wa Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya dhana ya osmosisi tangu jaribio la Nollet la mwaka 1748 hadi kupokelewa kwa dhana ya uwezo wa maji baada ya mwaka 1960. Inadai kwamba, kwa takribani nusu karne, kilichowakwamisha wataalamu wa fiziolojia ya mimea ni majina zaidi kuliko uhaba wa vipimo: hali ya maji yenyewe iliitwa kwa jina la mvuto wa seli. Kiswahili bado kinajenga istilahi za taaluma hii, na sasa kinazijenga kwa ajili ya nchi zenye urithi wa Kiingereza na zenye urithi wa Kifaransa kwa pamoja. Makala inapendekeza istilahi hizo zianzie pale historia ilipofikia, na inaonesha athari ya uamuzi huo katika ufundishaji na katika huduma za ugani.

1. Utangulizi

Mpishi wa kachumbari hukata vitunguu, huvinyunyizia chumvi, hungoja kidogo, kisha huvikamua. Maji yanayochuruzika hayakumiminwa na mtu. Yametoka ndani ya vitunguu vyenyewe, na vipande vilivyokuwa vikakamavu sasa vimelegea. Akiulizwa kilichotokea, mpishi atasema chumvi imevuta maji. Kwa kazi ya jikoni jibu hilo linatosha. Kwa darasa la biolojia ni mtego, na mtego huohuo uliwanasa wataalamu wa Ulaya na Marekani waliokuwa na maabara, mizani na hisabati.

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipochapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, ilitoa ushahidi kwamba Kiswahili kinaweza kubeba mzigo wa istilahi za sayansi. Hata hivyo, kazi ya kamusi ni kutoa kisawe na fasili. Haina nafasi ya kueleza kwa nini jina fulani liliwahi kutumika kisha likaachwa. Pale ambapo jina lenyewe ndilo lililokuwa chanzo cha tatizo, mwanaistilahi anayetafuta kisawe bila kujua historia hiyo anaweza kulirejesha tatizo katika lugha yake kwa nia njema kabisa. Osmosisi ni mfano ulio wazi wa hali hiyo.

2. Jambo kabla ya jina

Jean-Antoine Nollet, kasisi na mwanafizikia wa Paris, hakuwa akichunguza mimea. Mwaka 1748 alijaza chombo kwa spiriti ya mvinyo, akakifunika kwa kibofu cha nguruwe, akakizamisha ndani ya maji. Baada ya saa chache kibofu kilikuwa kimevimba kuelekea nje, na alipokitoboa kwa pini kioevu kiliruka juu kwa nguvu. Alipogeuza mpangilio, maji yakawa ndani na spiriti nje, kibofu kilibonyea kuelekea ndani. Nollet aliandika alichokiona: kibofu kinapitisha maji kwa urahisi zaidi kuliko kinavyopitisha spiriti. Hakukipa kitendo hicho jina. Kikakaa bila jina kwa karibu miaka 80, na katika muda huo ni wachache waliokirudia. Ni vigumu kuamini kwamba mambo hayo mawili hayana uhusiano.

Jina lilitoka kwa Henri Dutrochet, daktari aliyewahi kulitumikia jeshi la Ufaransa nchini Hispania kabla ya kugeukia uchunguzi wa wanyama na mimea. Mwaka 1826 aliunda maneno mawili kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya msukumo: endosmose kwa mkondo unaoingia, exosmose kwa mkondo unaotoka. Alitengeneza pia chombo cha kupimia mikondo hiyo, na akaamini kuwa amegundua kani inayoendesha uhai wenyewe, ambayo hapo mwanzo aliihusisha na umeme. Kuhusu umeme alikosea. Lakini neno lake lilikuwa na busara moja iliyokuja kusahauliwa: lilizaliwa likiwa na maana ya kusukuma. Wazo la kuvuta lilikuja baadaye.

Mwaka 1854 Thomas Graham, mkemia wa Kiskoti aliyefanya kazi London, aliona kwamba mikondo miwili ya Dutrochet ni jambo moja, akaviondoa viambishi na kubakiza osmose. Umbo hilo ndilo linalotumika mpaka leo katika Kifaransa na Kijerumani. Kiingereza ndicho kilicholivika baadaye mwisho wa Kigiriki na kulifanya osmosis. Tofauti hiyo ndogo itarejewa mbele, kwa kuwa imevuka bahari na kutua Afrika Mashariki.

3. Chungu cha Pfeffer

Kibofu cha nguruwe kilikuwa chombo kibovu cha kupimia. Kilivuja, kilioza, na kilipitisha vitu vingi mno. Hatua iliyobadili hali ilichukuliwa na Moritz Traube, mfanyabiashara wa mvinyo aliyekuwa pia mkemia hodari. Mwaka 1867 alieleza jinsi chumvi ya shaba inapokutana na ferosianidi inavyofanya utando mwembamba unaopitisha maji na kuzuia sukari. Utando wa Traube ulipasuka kwa urahisi. Wilhelm Pfeffer, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani, aliupatia egemeo: aliufanya utando huo ujijenge ndani ya vitundu vya kuta za chungu kidogo cha udongo uliochomwa, akakijaza mmumunyo wa sukari, akakiunganisha na kipimio cha zebaki.

Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1877 yana uzuri wa takwimu zisizohitaji utetezi. Sukari ya asilimia 1 ilisukuma zebaki kufikia sentimita 53.5, asilimia 2, sentimita 101.6, asilimia 4, sentimita 208.2, asilimia 6, sentimita 307.5. Sukari ikiongezeka mara mbili, kanieneo, yaani msukumo kwa kila kipimo cha eneo, nayo huongezeka karibu mara mbili. Mmumunyo wa sukari ambao mtu angeweza kuunywa kama kinywaji cha kawaida ulikuwa umesukuma kwa nguvu inayokaribia mara nne ya ile ya hewa inayotuzunguka.

Wakati huohuo Hugo de Vries wa Amsterdam alikuwa akitumia seli zenyewe kama kipimio. Seli ya mmea ikiwekwa katika maji ya chumvi kali, utando wake hujitenga na ukuta na kunywea katikati kama puto lililotolewa upepo; hali hiyo ndiyo plasmolisisi. Kwa kutafuta ukali wa mmumunyo ambao unaanza tu kuutenga utando na ukuta, de Vries aliweza kulinganisha chumvi mbalimbali bila kipimio cha zebaki. Ni de Vries pia aliyemwelekeza mwenzake wa mji uleule, mkemia Jacobus van 't Hoff, kwenye takwimu za Pfeffer. Van 't Hoff alizitazama na kuona kitu ambacho mtaalamu wa mimea hakukiona: zilifuata kanuni ileile inayotawala gesi. Kanieneo ya osmosisi ni sawa na ile ambayo kitu kilichoyeyushwa kingeitoa kama kingekuwa gesi katika ujazo uleule na jotoridi lilelile. Kazi hiyo, iliyochapishwa kati ya mwaka 1885 na 1887, ilichangia kumpatia Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1901, iliyokuwa ya kwanza kutolewa.

Kanuni ilikuwa sahihi kwa mimumunyo hafifu. Taswira iliyoandamana nayo ndiyo iliyoleta matatizo. Wasomaji wengi walianza kufikiri kwamba chembe za sukari zinapiga kuta za chombo kama gesi inavyopiga kuta za tairi. Lakini mmumunyo wa sukari uliotulia mezani ndani ya glasi hausukumi kuta kuliko maji matupu yanavyosukuma. Kanieneo ya osmosisi hutokea pale tu mmumunyo unapotenganishwa na maji kwa utando kama ule wa chungu cha Pfeffer. Jina lilikuwa limekipa kipimo cha uwezekano sura ya kitu kilichopo tayari.

4. Nusu karne ya majina

Ndani ya seli hai kuna kanieneo ya kweli, ile inayoukandamiza ukuta na kulifanya jani lisimame. Kuna pia kanieneo ya osmosisi, ambayo hupimwa kwa wingi wa vilivyoyeyushwa. Mbili hizo zilikuwa zikichanganywa, na mara nyingi ilidhaniwa kwamba seli yenye kanieneo kubwa ya osmosisi lazima ivute maji kutoka kwa seli yenye ndogo. Mwaka 1916 Alfred Ursprung na Gebhard Blum, waliofanya kazi Fribourg nchini Uswisi, walionesha kwamba si lazima. Seli iliyokwisha kujaa hainywi tena, hata ikiwa na sukari kiasi gani. Kinachoamua ni tofauti kati ya kanieneo ya osmosisi na mkandamizo wa ukuta. Tofauti hiyo waliiita kwa Kijerumani Saugkraft, yaani nguvu ya kufyonza.

Hesabu yao ilikuwa sahihi, na jina walilochagua liliipeleka fikra mahali pasipofaa. Kufyonza ni tendo la mwenye mdomo. Jina hilo liliifanya seli kuwa mtendaji na maji kuwa kitu kinachotendwa, na likamlazimu mtafiti kusema kwamba udongo mkavu nao una nguvu ya kufyonza, na hewa kavu pia, na kwamba mmea umesimama katikati ya vinywa viwili vinavyoshindana. Katika Kiingereza wengine waliiita kanieneo ya kufyonza. Wengine waliona haya kulitumia neno hilo wakaunda mengine. Mwaka 1938 Bernard Meyer wa Marekani alipendekeza upungufu wa kanieneo ya mtawanyiko, jina ambalo lilihamisha macho kutoka kwenye seli kwenda kwenye maji, na hiyo ilikuwa hatua njema. Lakini lilipima kinachokosekana. Mwanafunzi alipaswa kukumbuka kwamba maji huelekea mahali penye upungufu mkubwa zaidi, na kwamba maji safi yana upungufu wa sifuri.

Katika kipindi hicho wanafizikia wa udongo walikuwa wakizungumza lugha nyingine. Edgar Buckingham, katika jarida alilolitoa Marekani mwaka 1907, alikuwa tayari amelieleza maji ya udongoni kwa dhana ya uwezo: maji hutoka mahali penye uwezo mkubwa kwenda penye uwezo mdogo, kama joto linavyotoka kwenye jotoridi la juu kwenda la chini. Mzizi na udongo hugusana. Wataalamu wa mzizi na wataalamu wa udongo hawakuwa na neno moja la kuvukia mpaka huo.

5. Kunming, 1941

Neno lilikuwa njiani. Vita vya Japani dhidi ya China vilipovisukuma vyuo vikuu vya Beijing na Tianjin hadi Kunming, kusini-magharibi mwa nchi, mtaalamu wa fiziolojia ya mimea Tang Peisong alijikuta katika mji mmoja na mwanafizikia Wang Zhuxi, aliyekuwa amerejea kutoka Cambridge na ambaye wakati huohuo alikuwa mwalimu wa Yang Chen-Ning, mshindi wa baadaye wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Mwaka 1941 Tang na Wang walichapisha katika jarida la kemia-fizikia la Marekani makala iliyoeleza uhusiano wa seli hai na maji kwa kutumia uwezo wa kikemia wa maji. Ndani yake mlikuwa na karibu kila kitu ambacho taaluma ingekuja kukikubali miaka ishirini baadaye.

Hakuna aliyeitikia. Makala hiyo ilisahauliwa hadi miaka ya 1980, wakati Paul Kramer, mmoja wa vigogo wa taaluma hiyo, alipoutambua hadharani utangulizi wa Wachina hao wawili. Kisa hiki kinastahili kutazamwa kwa utulivu katika mkutano wa lugha, kwa sababu hakiungi mkono maelezo yaliyozoeleka. Tang na Wang hawakuandika Kichina; waliandika Kiingereza, katika jarida la nchi yenye nguvu kuliko zote kisayansi. Lugha kubwa haikuwapa wasomaji. Wataalamu wa mimea hawakusoma jarida lile, na hata waliolisoma hawakuwa na jina la kulipokelea wazo, kwa kuwa vitabu vyao vyote vilizungumza juu ya kufyonza na upungufu. Hoja ya kwamba sayansi iandikwe kwa Kiingereza ili isikike inapaswa kukumbana na Kunming.

6. Sifuri iliyo juu

Mwaka 1960 Ralph Slatyer wa Australia na Sterling Taylor wa Marekani, wa kwanza akishughulika na mimea na wa pili na udongo, walichapisha katika jarida la Nature tangazo fupi juu ya istilahi. Walipendekeza jina moja, uwezo wa maji, litumike kwa udongo, mmea na hewa. Mwaka 1966 Kramer na wenzake waliunga mkono mwelekeo huo katika jarida la Science, na ndani ya muongo mmoja vitabu vya kiada vilianza kubadilika. Ugunduzi wa Peter Agre mwaka 1992 wa vijia vya protini vinavyopitisha maji katika utando, uliomletea Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003, ulieleza maji yanapita wapi. Kuhusu maji yanaelekea wapi, haukubadili neno.

Ugumu wa dhana hii kwa mwanafunzi uko kwenye sifuri. Kwa makubaliano, maji safi yaliyo wazi kwa hewa yana uwezo wa sifuri. Ukiyatia chumvi au sukari, uwezo wake hushuka chini ya sifuri, ukiyakandamiza, hupanda. Chukua seli mbili zinazopakana. Ya kwanza ina vilivyoyeyushwa vinavyoshusha uwezo kwa megapaskali 1.0, lakini imejaa na ukuta wake unapandisha kwa 0.8, uwezo wa maji yake ni −0.2. Ya pili ina vilivyoyeyushwa vichache zaidi, vinavyoshusha kwa 0.7, lakini imelegea na ukuta unapandisha kwa 0.1 tu, uwezo wake ni −0.6. Maji yatatoka katika seli ya kwanza kwenda ya pili, yaani kutoka kwenye mmumunyo mzito kwenda kwenye mmumunyo hafifu. Fasili inayokaririwa shuleni, kwamba osmosisi ni mwendo wa maji kutoka mmumunyo hafifu kwenda mzito, inashindwa kueleza jani moja la kawaida. Ni fasili ya kibofu cha Nollet, kisicho na ukuta.

Pwani ya Afrika Mashariki ina mfano ulio bora kuliko mingi ya vitabuni. Maji ya bahari yana uwezo wa takribani megapaskali −2.5. Mwaka 1965 Per Scholander na wenzake, wakitumia chombo cha kukamua utomvu kwa kanieneo ya gesi, waliripoti kwamba mikoko na mimea mingine ya ufukweni hudumisha katika utomvu wake kanieneo hasi ya kati ya angahewa 35 na 60, yaani takribani megapaskali −3.5 hadi −6, na kwamba utomvu huo karibu hauna chumvi. Mkoko wa Lamu au wa delta ya Rufiji hauishi baharini kwa kunywa chumvi. Huishi kwa kuuweka uwezo wa maji yake chini ya ule wa bahari. Mchu, unaotoa chumvi juu ya majani yake mpaka ionekane kwa macho, unalipa gharama ya kazi hiyo mbele ya kila mpita njia.

7. Kiswahili kianzie wapi

Kiswahili cha kawaida kiko upande wa Ursprung na Blum. Chumvi huvuta, udongo hunyonya, mzizi hufyonza. Hakuna sababu ya kuikataza lugha ya watu kusema hivyo. Katika istilahi, hata hivyo, kuchagua nguvu ya kufyonza au mvuto wa maji ni kurudi mwaka 1916 bila kulazimishwa. Uwezo wa maji ni jina bora, na ubora wake hautokani na kulingana na Kiingereza. Uwezo umetokana na kuweza, na kinachopimwa hapa ni kile ambacho maji yanaweza kukifanya: kazi ambayo yangeifanya yakiachiwa kuondoka yalipo. Mmiliki wa uwezo huo ni maji, si seli. Pingamizi la haki ni kwamba katika matumizi ya kila siku uwezo haushuki chini ya sifuri. Asiye na uwezo hana, basi. Jibu linapatikana katika jotoridi, istilahi iliyoundwa kwa mantiki hiyohiyo na ambayo wanafunzi huizoea hata ikiwa chini ya sifuri, mara wanapoelezwa kwamba sifuri ni alama iliyowekwa na watu. Mwandishi wa kitabu cha kiada akiiweka sentensi hiyo mbele ya mlinganyo, sehemu kubwa ya ugumu huondoka. Kutohoa jina zima ni njia nyingine. Lakini neno lililotoholewa halimwambii mwanafunzi uwezo ni wa nani, na swali hilo ndilo lililogharimu miaka arobaini.

Kwa osmosisi yenyewe utohozi haukwepeki, na hapa ndipo tofauti ya Graham inaporejea. Anayesoma sayansi kwa Kiingereza, Kampala au Nairobi, hutohoa osmosisi. Anayeisoma kwa Kifaransa, Bujumbura au Lubumbashi, huelekea osmozi. Rwanda na Burundi zilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022. Tangu hapo haifai kudhani kwamba Kiingereza ndicho mlango pekee wa istilahi za Kiswahili. Kihistoria, umbo fupi ndilo la awali. Kwa matumizi, osmosisi limetangulia katika machapisho ya Tanzania na pengine litabaki. Kinachotakiwa kwa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ni uamuzi uliotangazwa, pamoja na rekodi ya sababu zake. Lipi litachaguliwa ni jambo la pili.

Uwezo wa maji hauna anasa ya kusubiri hivyo, kwa sababu umo shambani tayari. Wakulima wa Tanzania huita mbolea za viwandani mbolea za chumvichumvi, na mkulima aliyeiweka nyingi karibu na mche husema mbolea imeunguza mahindi. Hakuna moto uliowaka. Mbolea imeshusha uwezo wa maji ya udongo chini ya ule wa mizizi, na mche umenyauka huku umesimama kwenye udongo wenye unyevu. Hali hiyohiyo huzikuta skimu za umwagiliaji zinazokusanya chumvi kwa sababu maji huingia na hayatolewi. Kwa desturi ya wataalamu, mimea mingi ya mazao huhesabiwa kuwa imenyauka kabisa uwezo wa maji ya udongo unapofika megapaskali −1.5, na udongo wa mfinyanzi ukiwa katika hali hiyo bado huwa umeshika maji mengi kuliko mchanga. Mwongozo wa ugani unaotaja kiasi cha maji peke yake hauwezi kumweleza mkulima kwa nini shamba lenye maji linakufa kwa kiu. Neno chumvichumvi limekwisha kumweleza nusu ya sababu. Nusu ya pili inaweza kuandikwa katika mwongozo huohuo kwa sentensi mbili za Kiswahili, na afisa ugani akazisoma shambani bila kufungua kamusi.